Mwalimu na Jembe la Shule

Sisi tuliolelewa Kamukuywa, kando ya barabara iendayo Kitale, tulilijua jembe la shule kuwa ni adhabu. Mchelewaji alipimiwa mistari ya mahindi ya kupalilia. Aliyefaulu mtihani alisamehewa. Hatukujua kuwa palikuwa na mwalimu aliyetaka jembe hilo hilo liwe somo, na shamba la shule lipangwe na wanafunzi wenyewe.

Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akapitia Tabora na Makerere. Alifundisha Tabora, akaenda kusoma Edinburgh hadi 1952, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1955 ilimbidi achague baina ya chaki na TANU. Chaki aliiweka chini, lakini jina la Mwalimu halikumtoka hata alipokuwa rais.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu alikasirika. Alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 akawarudisha makwao. Wengi wao walisamehewa baadaye.

Miezi mitano tu baada ya hasira hiyo, Machi 1967, akatoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka kila shule iwe jumuiya inayojilisha, yenye shamba au karakana. Wanafunzi washiriki kuamua lipandwe nini, watunze hesabu, na waamue pamoja na walimu wao mapato yatumiweje. Wakikosea, wavune makosa yao na kujifunza kwayo. Mtihani nao upunguziwe utukufu, kwa kuwa wengi wa watoto hawangeendelea na sekondari. Shule ya msingi ilipaswa kuwa elimu kamili kwao, si ngazi iliyokatika.

Je, aliyewafukuza wanafunzi kwa kupinga ndiye aliyetaka waamue? Ndiye, na sioni haja ya kumpatanisha na nafsi yake. Alimwamini mwanafunzi mbele ya shamba kuliko mbele ya Ikulu. Udhaifu huo uliteremka hadi shuleni: mahali pengi mwalimu mkuu ndiye aliyepanga, wanafunzi wakalima. Jembe likarudi kuwa amri, kama letu.

Wasomaji wa jarida hili watamkumbuka zaidi kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tafsiri alizozifanya katikati ya shughuli za utawala. Tunamdai pia neno kung'atuka, alilolitoa katika Kizanaki na kulitekeleza mwaka 1985 alipoacha urais. Huko Butiama alishika jembe, safari hii bila kuamriwa na mtu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.