Kapteni Grant na Picha Zake za Karatasi

Wasomaji wetu wa Gitega na Muyinga wanaujua vyema mto Ruvubu. Maji yake hukutana na Nyabarongo karibu na Rusumo, yakawa mto Kagera, upitao nchi ya Karagwe hadi Ziwa Viktoria. Leo twapenda kueleza habari za mtu aliyeuvuka mto huo mwaka 1862 akibebwa kwa machela, naye ndiye aliyeichora nchi ile jirani yetu.

James Augustus Grant alizaliwa Nairn, Uskoti, tarehe 11 Aprili 1827. Alikuwa askari huko Bara Hindi, na mwaka 1857 alijeruhiwa mkono katika vita vya Lucknow. Mwaka 1860 alifuatana na John Hanning Speke kutoka Unguja kutafuta chanzo cha Nili. Unguja alipiga picha kwa kamera. Bara alitegemea penseli na rangi za maji.

Novemba 1861 walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Hapo Grant alipatwa na donda baya la mguu. Januari Speke alimwacha, akaenda Buganda, naye akabaki hadi Aprili, akichora na kukusanya mimea. Tarehe 28 Julai Speke alipoyaona maji yakitoka ziwani huko Jinja, Grant hakuwapo. Alikuwa ameelekezwa njia ya Bunyoro.

Hivyo sifa ya mto ikawa ya mwenzake. Hata picha hazikubaki zake kamili. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilipambwa hasa kwa michoro ya Grant, lakini Johann Baptist Zwecker, Mjerumani asiyefika huku, aliichora upya ili ichongwe katika mbao. Dunia ikawaona jirani zetu kwa mkono wa mtu asiyewaona.

Grant alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892. Karatasi zake za asili zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh. Kweli, jicho lake lilikuwa la mgeni. Lakini aliketi mbele ya aliowachora. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yanatufundisha kuthamini kitu chenyewe kuliko mfano wake. Basi, tuonapo vitabuni picha za kale za nchi hizi, na tuulize kwanza: ni mkono wa nani uliochora, na je, mwenyewe alifika?