Eugénie: Malkia wa mwisho wa Ufaransa aliyepoteza taji Paris, mwana Zululand

ASUBUHI ya Jumapili, Oktoba 19, 2025, wezi waliotumia lori lenye ngazi walipanda hadi kwenye dirisha la jumba la makumbusho la Louvre, jijini Paris, wakavunja makabati ya vioo na kutoweka ndani ya dakika chache wakiwa na vipande vinane vya vito vya watawala wa zamani wa Ufaransa. Kipande cha tisa kiliwaponyoka. Kiliokotwa nje ya jumba hilo kikiwa kimebonyea, nacho kilikuwa taji la Malkia Eugénie.

Taji hilo la dhahabu, lenye almasi 1,354 na zumaridi 56, lilitengenezwa mwaka 1855 na sonara Alexandre-Gabriel Lemonnier. Hata hivyo, aliyetengenezewa hakuwahi kutawazwa kwalo. Mumewe, Kaizari Napoleon III, aliitawala Ufaransa kwa karibu miaka 18 bila sherehe ya kutawazwa kufanyika, na Eugénie ndiye aliyekuwa malkia wa mwisho wa nchi hiyo.

Eugénie de Montijo alizaliwa Mei 5, 1826, mjini Granada, Hispania. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo bora aliyepata kupigana upande wa Wafaransa katika vita vya Napoleon wa kwanza, na mama yake alikuwa na damu ya Kiskoti. Hakuwa binti wa mfalme, jambo ambalo wakubwa wa Paris hawakuacha kulinong'ona tangu Kaizari alipotangaza kumwoa.

Ndoa ilifungwa kiserikali Januari 29, 1853, na kubarikiwa kesho yake katika kanisa la Notre-Dame. Baraza la jiji la Paris lilipitisha faranga 600,000 za kumnunulia bibi harusi mkufu wa almasi. Aliukataa, akaomba fedha hizo zitumike kuwajengea wasichana maskini mahali pa kulelewa na kusomea. Jengo hilo lilisimamishwa katika mtaa wa Saint-Antoine, na mchoro wa ramani yake ukapewa umbo la mkufu.

Lakini asidhaniwe kuwa hakupenda vito. Alivipenda mno, na picha zake zinaonyesha hivyo. Tofauti ni kwamba mkufu ule ungekuwa wake, ilhali vito alivyovivaa kwenye dhifa za ikulu vilikuwa mali ya dola. Utaratibu huo uliwekwa mwaka 1530 na Mfalme François wa Kwanza, na kila aliyekalia kiti cha enzi aliviazima tu. Kwa ajili yake, masonara walivifumua vito vya zamani na kuvipanga upya: mwaka 1853 likapatikana taji dogo la lulu 212 na almasi karibu 2,000, na mwaka 1855 mkanda wa kiunoni uliopambwa kwa fundo kubwa la almasi.

Wapinzani walimwona mwanamke wa anasa, mgeni, mshika dini kupita kiasi na mwingilia siasa. Lawama nyingine zilikuwa na haki, kwani alikuwa miongoni mwa waliounga mkono uvamizi wa Mexico, uliomalizika kwa fedheha. Lakini pia, alipokaimu utawala mwaka 1865, alikwenda mwenyewe kumvisha mchoraji Rosa Bonheur nishani ya heshima ya taifa, ambayo hakuna msanii mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake.

Kilele cha fahari yake kilikuwa barani Afrika. Novemba 17, 1869, meli yake, L'Aigle, iliongoza msafara wa kufungua Mfereji wa Suez, kazi iliyosimamiwa na jamaa yake, Ferdinand de Lesseps. Ni mfereji huohuo uliokuja kuisogeza pwani ya Afrika Mashariki karibu na bandari za Ulaya, kwa heri na kwa shari.

Haukupita mwaka kabla ya mambo kuharibika. Ufaransa iliingia vitani dhidi ya Prussia, na Septemba 2, 1870, Kaizari akatekwa huko Sedan pamoja na jeshi lake. Siku mbili baadaye umati uliizingira ikulu ya Tuileries, iliyokuwa imeungana na Louvre. Malkia alitoka kwa kupita katika kumbi za Louvre, akaibukia upande wa pili na kupanda gari la farasi la kukodi. Baada ya kubisha hodi mahali kadhaa bila mafanikio, alipata hifadhi kwa daktari wake wa meno, Mmarekani Thomas Evans, aliyemsindikiza hadi pwani. Kutoka huko alivuka bahari iliyochafuka hadi Uingereza, ndani ya boti ndogo ya Mwingereza mmoja.

Vito vya dola vilikuwa vimekwisha kupelekwa mbali, katika bandari ya Brest. Vile vilivyokuwa vyake binafsi viliokolewa na rafiki yake, Pauline Metternich, mke wa balozi wa Austria, na vingi viliuzwa mnadani London mwaka 1872. Januari 1873 mumewe akafariki.

Alibakiwa na mwanawe pekee, Louis-Napoléon, aliyezaliwa mwaka 1856. Kijana huyo alisomea uofisa katika chuo cha kijeshi cha Uingereza, na Waingereza walipoivamia nchi ya Wazulu mwaka 1879 na kupata kipigo kikali Isandlwana, aliomba kwenda. Mama yake alikubali kwa shingo upande, kisha akamsaidia kuipata ruhusa.

Juni 1, 1879, kikosi kidogo alichofuatana nacho kilishambuliwa ghafla na Wazulu, waliokuwa wakiilinda nchi yao. Wenzake walikimbiza farasi. Yeye alijaribu kudandia wake, ukanda wa tandiko ukakatika, akabaki kwa miguu. Aliuawa kwa mikuki akiwa na umri wa miaka 23, na majeraha yalikuwa upande wa mbele wa mwili.

Mwaka uliofuata Eugénie alisafiri kwa meli hadi Durban, na kutoka huko kwa gari la kukokotwa kuvuka nyanda za Natal na Zululand. Usiku wa kutimia mwaka mmoja aliukesha peke yake mahali mwanawe alipoangukia, akisali.

Wakati akiwa Farnborough, kusini mwa Uingereza, alikojenga kanisa la kuwazikia mume na mwana, Jamhuri ya Ufaransa iliamua kuviuza vito vya dola ili wapenda ufalme wasibaki na kitu cha kukusanyikia. Mnada ulifanyika Mei 1887, ndani ya Louvre yenyewe, na kuingiza zaidi ya faranga milioni 6. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa uliofanyika kwa pupa, na Ufaransa ililipa baadaye. Fundo la almasi lilikwenda Marekani, na mwaka 2008 Louvre ililikomboa kwa euro milioni 6.72. Taji la lulu lilirudi mwaka 1992. Vyote viwili vilikuwa miongoni mwa vipande vinane vilivyoibwa mwaka 2025.

Eugénie aliishi muda mrefu kuliko karibu wote waliomjua akiwa malkia. Katika Vita Kuu ya Kwanza aligeuza sehemu ya nyumba yake kuwa hospitali ya maofisa majeruhi. Alifariki Madrid Julai 11, 1920, akiwa na umri wa miaka 94, na kuzikwa Farnborough pamoja na mumewe na mwanawe.

Taji la mwaka 1855 halikuguswa na mnada, kwa kuwa Jamhuri ilikuwa imemrudishia likiwa mali yake binafsi. Alimwachia Marie-Clotilde, binti wa ukoo wa Bonaparte. Mwaka 1988 likaingia Louvre, jumba alilolipitia mbio siku ile alipoikimbia Paris.