Sakawa: Nabii aliyeuzunguka mji wa Kisii kabla haujajengwa

MSAFIRI anayetoka Kenyenya kwa matatu ya alfajiri hufika mjini Kisii wakati maduka yanafunguliwa na wachuuzi wa ndizi wanapanga mali yao kando ya barabara. Huenda ameletwa na shughuli za hospitali, za benki au za ofisi za serikali.

Akipata nusu siku ya nafasi, anaweza kuzizungukia kwa miguu sehemu zinazobeba historia ya mji huu bila kukodi kiongozi. Anayefaa kumfuata katika matembezi hayo ni mtu aliyefariki takriban miaka mitano kabla ya serikali kujenga nyumba yake ya kwanza hapo.

Mtu huyo ni Sakawa, ambaye wengine huliandika jina lake Sakagwa. Miongoni mwa Abagusii anakumbukwa kuwa omobani, yaani nabii, na hakuna mwonaji mwingine wa jamii hiyo ambaye sifa zake zimeenea kama zake.

Sakawa alikuwa mtu wa Kitutu, mojawapo ya makundi makubwa ya koo za Abagusii. Mengine ni Nyaribari, Bobasi, Bonchari, Mugirango na Bomachoge, ambako ndiko Kenyenya iliko. Aliishi katika karne ya 19, wakati kila ukoo ulijitawala na wazee wake na hapakuwa na mfalme wa kuwaunganisha wote.

Hakuacha maandishi yoyote. Tunayoyajua kumhusu yalipitia vinywani mwa wazee kabla ya kuandikwa, na msomaji mwangalifu hana budi kulikumbuka hilo katika kila hatua ya safari hii.

Zama zake zilikuwa za mashaka. Upande mmoja Abagusii walipakana na Wakipsigis, upande mwingine na Waluo, na kusini Wamaasai hawakuwa mbali. Mifugo ndiyo iliyokuwa mali, mahari na heshima ya mtu, na kwa hiyo uvamizi wa kuteka ng'ombe ulikuwa jambo la kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Abagusii waliwashinda wavamizi wa Kipsigis katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Saosao. Masimulizi hulihusisha jina la Sakawa na ushindi huo, kwamba mashauri yake ndiyo yaliyowapa wapiganaji moyo. Basi alipoanza kusema juu ya mambo ya kutisha zaidi, watu walikuwa tayari kumsikiliza.

Aliwaambia kwamba watakuja watu weupe. Kwa mujibu wa masimulizi, aliwatahadharisha kwamba wageni hao wangewashinda na kuwanyang'anya silaha, lakini kwamba siku moja wangeondoka.

Siku moja, wazee husimulia, aliwakusanya watu mahali palipoitwa Getembe. Akawatembeza huku akiwaonyesha: hapa patakuwa na ofisi za watawala, hapa makazi ya askari, pale nyumba ya kutibia wagonjwa. Waliomsikiliza hawakuona kitu isipokuwa nyasi na vichaka.

Getembe ndipo ulipo mji wa Kisii leo.

MATEMBEZI YAANZIE OFISINI

Anayetaka kuifuata njia hiyo aanze asubuhi, kwa sababu katika nyanda hizi za juu mvua hupenda kunyesha alasiri. Aanzie katika eneo la ofisi za serikali, katikati ya mji.

Sakawa alifariki mnamo 1902. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1905, Waingereza walituma kikosi kuwaadhibu watu wa Kitutu. Mikuki na ngao zilikabiliana na bunduki za rashasha, na wengi waliuawa.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake Getembe. Aliyepewa kazi ya kukiongoza ni afisa kijana, Geoffry Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Mahali penyewe pakapata jina la Bosongo, maana yake kwa Wazungu, na hadi leo wazee wapo wanaouita mji hivyo.

Tutafakari maana ya jambo hili kwa mtu aliyekuwa Getembe siku ile Sakawa alipowatembeza. Alikuwa ameona ofisi zikijengwa mahali alipoonyeshwa, au angalau ndivyo alivyoamini. Kama nabii alisema kweli kuhusu kuja kwa wageni, basi alisema kweli pia kuhusu kuondoka kwao. Swali likabaki moja tu: lini?

Kutoka ofisini, msafiri aelekee kituo cha polisi, kisha hospitali kuu ya mji, ambayo siku hizi ni hospitali ya mafunzo na rufaa. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kwa ajili ya kuwatibu askari waliojeruhiwa. Leo mama anayetoka Kenyenya au Ogembo na mtoto mgongoni hupita langoni bila kuwaza habari za askari hao, wala za nabii anayesemekana kuiona nyumba hiyo kabla haijakuwapo.

UWANJA WA GUSII

Kituo kinachofuata ni Uwanja wa Gusii, unaojulikana na wapenzi wa soka kwa sababu ya timu ya Shabana. Hapa ndipo msafiri anapoona kwamba utabiri haukuwafunga watu wote mikono.

Mnamo Januari 1908, kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo alimvizia Northcote na kumchoma mkuki. Aliyemchochea, kwa mujibu wa masimulizi, ni Moraa, mwanamke mganga na mwonaji ambaye hakukubali kwamba kushindwa kwa watu wake ni jambo la kuvumiliwa kimya.

Northcote alipona. Baadaye alipanda vyeo hadi akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Lakini kwa Abagusii malipo ya mkuki huo yalikuwa mazito. Kikosi cha serikali kilichoma nyumba, kikateka maelfu ya ng'ombe na kuua watu zaidi ya 100. Taarifa hizo zilipofika London, hata Winston Churchill, aliyekuwa waziri mdogo wa makoloni, aliuliza kwa nini watu wasio na uwezo wa kujitetea waendelee kuuawa kwa wingi namna hiyo.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wenyeji wanasema alipigwa risasi mbele ya umma mahali ulipo uwanja huo, na kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Wazee wamewahi kuitaka serikali ya Uingereza ikirejeshe ili kizikwe kwa heshima.

NYANCHWA NA SIKU YA TUMAINI

Matembezi yaishie kwenye mlima wa Nyanchwa, ambako Waadventista Wasabato walijenga misheni kabla ya vita vya 1914. Kutoka hapo mji wote huonekana chini, paa juu ya paa.

Mnamo Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanzania Bara ya sasa, likaingia Kisii. Maafisa wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuukimbia mji. Kisha kikosi cha Waingereza kikafika, pande mbili zikapigana vilimani, na baada ya mapambano zote mbili zikaondoka.

Kwa muda mfupi Bosongo ikabaki bila Msongo hata mmoja. Wengi waliona kwamba neno la Sakawa limetimia. Walishuka mjini, wakavunja ofisi na maduka, wakabeba walichoweza, na hata misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, iliyoanzishwa 1911, haikusalimika.

Waingereza walirudi, wakaadhibu. Hata hivyo tumaini halikufa. Lilichanganyika na dini ya Mumbo, iliyoanza mwaka 1913 huko Alego kwa Onyango Dunde na kuenea hadi Gusii, ikifundisha kwamba utawala wa Wazungu ungetoweka. Wapo waliomtarajia Sakawa mwenyewe arudi, kwa kuwa hawakukubali kwamba alikufa. Serikali iliwakamata viongozi wao na kuwahamishia mbali na kwao.

Hapa mwenye shaka atauliza kama Sakawa aliyasema yote hayo kweli. Ni swali la haki. Habari za Getembe ziliandikwa wakati hospitali, polisi na ofisi zilikuwa zimekwisha kusimama, na kumbukumbu ya binadamu hupenda kuunyoosha utabiri ulandane na yaliyotokea. Inawezekana pia kwamba mtu mwerevu, aliyesikia habari za misafara na vituo vya Wazungu katika nchi jirani, aliweza kukisia yajayo bila kuoteshwa.

Lakini hata mwenye shaka anapaswa kutambua kazi ambayo masimulizi haya yalifanya. Kumbukumbu za serikali zinasema mji wa Kisii ulianzishwa na afisa wa kikoloni mwaka 1907. Masimulizi ya wazee yanasema mtu wa Kitutu alizijua sehemu zake zote kabla afisa huyo hajafika, akazionyesha kwa kidole. Kwa watu walionyang'anywa ng'ombe, silaha na uhuru, kuupokea mji ule kama kitu alichokwisha kukiona mzee wao kulikuwa njia ya kukataa kunyang'anywa na Getembe pia.

Bendera ya Uingereza ilishushwa Desemba 1963. Wageni waliondoka, wakaziacha ofisi. Tangu 2013 mji huu ni makao makuu ya Kaunti ya Kisii, na wanaokaa katika ofisi hizo wanachaguliwa na wajukuu wa watu waliotembezwa vichakani.

Wazee waliosikia habari hizi kwa waliokuwapo wamekwisha kwenda. Waliobaki walizisikia kwa hao, na vijana wengi wanaovuka Getembe kila siku hawalijui hata jina hilo. Kwa hiyo msafiri wa Kenyenya, akisubiri matatu ya kurudi nyumbani ijae, na amweleze aliyeketi karibu naye ni nani aliyeuzunguka mji huu kwanza.