Farrokh Bulsara, mpiga piano kutoka Unguja

Wengi waliomshangilia Freddie Mercury hawakujua kwamba alizaliwa Unguja. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, na tarehe ilikuwa 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Mwingereza.

Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko alisomea piano, akaipiga katika bendi ya wanafunzi, The Hectics, na wenzake wakamzoesha jina la Freddie. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifanya familia ikimbilie Uingereza, ikakaa Feltham, magharibi mwa London. Farrokh akasoma sanaa ya michoro Ealing, akahitimu 1969.

Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor. Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, na yeye mwenyewe akajiita Mercury. Wimbo wake Bohemian Rhapsody (1975) unachukua karibu dakika sita, nao umejengwa juu ya piano. Ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo Mswahili hulitamka kabla ya kula. Mwaka 1978 alitunga Mustapha, akachanganya Kiarabu na maneno ya kubuni.

Vijana wa panki waliidharau Queen, wakiona muziki wake una makuu mno. Mwaka 1977 Sex Pistols na Queen walirekodi katika studio moja London, Wessex. Mwaka huohuo Mercury alitoa We Are the Champions, wimbo unaofunguliwa na piano na ambao viwanja vya mpira vinauimba hadi leo. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, alianza akiwa ameketi kwenye piano.

Alifariki 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Alikuwa na miaka 45.

Asili yake aliizungumzia hadharani kwa nadra, na kwao pia hawakukubaliana juu yake. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka ilipingwa Zanzibar na waliosema mwenendo wake ulikiuka Uislamu. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani. Lina jina la Mercury. Lakini mtoto aliyezaliwa kisiwani humo alikuwa Farrokh.