Marehemu Jaramogi Oginga Odinga

Twawakumbusha wazee na wanachama wa Ngaremara habari za marehemu Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo. Aliacha ualimu, na mwaka 1947 akaanzisha shirika la Wajaluo la akiba na biashara, kwa hisa za watu wa kawaida. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Humo, mwaka 1958, alithubutu kusema kwamba Kenyatta na wenzake, waliofungwa Lokitaung huko Turkana, ndio viongozi wa kweli. Baadhi ya wajumbe wenziwe wakajitenga naye. Alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza, 1964. Akajiuzulu 1966, akawekwa kizuizini 1969 hadi 1971. Alifariki mwaka 1994. Nasi tunaochanga senti zetu, tuwape amana wasemao kweli hata wakikosa cheo.