Adrien Atiman, Munganga na Katekista wa Tanganika

Katika jubilei hii, sisi wakatekista tunamkumbuka Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani. Mapadri Weupe wakamkomboa. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea kazi ya munganga, lakini aliagiza vijana hao wasizoezwe maisha ya Kizungu, wapate kukaa na Waafrika kama ndugu. Kwetu sisi, agizo hilo lilishinda shule nyingi zilizofuata.

Mwaka wa 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa letu, kati ya watumwa waliokombolewa, watu wasio na ukoo mmoja, waliopaswa kujifunza kuishi pamoja. Naye hakuwa na ukoo huko. Akaoa, akaponya wagonjwa, akafundisha dini. Mwanawe akawa padri. Alifariki Karema mwaka wa 1956, baada ya myaka 67 ya kazi ileile.