Ahmad bin Naaman: Safari Moja ya Biashara Darasani

Watafiti wanaosomea shahada ya uzamivu katika biashara ya kimataifa huitwa mara kwa mara kwenye kozi fupi za juu, ambako kazi yao si kusikiliza mihadhara tu. Huwekewa mbele yao kisa cha biashara iliyofanyika kweli, wakakichambua: nani aliuza, nani alikopesha, nani alibeba hasara. Njia hii ya kisa ilienezwa hasa na Chuo cha Biashara cha Harvard, huko Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1908. Sisi tunaowaandaa walimu wa shule za msingi kisiwani Pemba twaona kuwa njia hiyo si mali ya wenye shahada kubwa peke yao. Mtoto wa darasa la sita wa Wete au Mkoani, aliyekwisha kuchuma karafuu na kuzianika juu ya jamvi, ana mtaji wa kutosha wa kuifuata. Kisa cha kuanzia tunacho, nacho ni cha Ahmad bin Naaman.

Ahmad bin Naaman al-Kaabi alikuwa katibu wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Ukatibu wa zama zile haukuwa kuandika barua tu. Seyyid Said mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, mwenye merikebu na mashamba, na mtu aliyeaminiwa siri za barua ndiye aliyeaminiwa mali. Mwaka 1833 Seyyid alifunga mkataba na Marekani kupitia mjumbe wa nchi hiyo, Edmund Roberts. Kwa mkataba huo wafanyabiashara wa Kimarekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari zake, nao wakatozwa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoteremsha. Mwaka 1837 balozi mdogo wao, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Unguja. Meli zao zikawa zinakuja, zinanunua pembe na sandarusi, zinaondoka. Na malipo ya uchukuzi yakabaki kwa wenye meli. Seyyid akataka kuujaribu upande wa pili wa biashara hiyo: kupeleka mali kwa chombo chake mwenyewe hadi kwenye soko la mnunuzi. Kazi hiyo alikabidhiwa Ahmad.

Hapa mwalimu apunguze mwendo. Merikebu iliitwa Sultana, nayo ilijengwa Bombay. Muscat ilipakia magunia 1,300 ya tende, mabunda 21 ya mazulia ya Uajemi na mabunda 100 ya kahawa ya Mocha. Unguja ikaongezewa pembe za ndovu 108, masanduku 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu na ngozi 1,000 zilizokaushwa kwa chumvi. Ikaondoka Unguja mapema mwaka 1840, majira ya kaskazi, upepo ambao watoto wetu wanaujua bila kufundishwa. Mfereji wa Suez ulikuwa bado. Ulifunguliwa mwaka 1869. Njia ilikuwa moja, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha kuikata Atlantiki.

Orodha ya shehena iandikwe ubaoni yote, wala isifupishwe. Kisha wanafunzi waulizwe, kwa kila bidhaa, ilitoka wapi na mikono ya nani iliifikisha bandarini. Tende na mazulia watayapita upesi. Wakifika kwenye pembe watalazimika kuingia bara, kwenye misafara ya wapagazi waliotembea miezi mingi wakiwa na mizigo vichwani na mabegani. Wakifika kwenye karafuu watakuta mashamba yaliyolimwa na kuchumwa na watumwa. Tumeona masomo ya namna hii yakigeuka hadithi ya fahari, merikebu nzuri na mjumbe mwenye kilemba, na wale waliochuma wasitajwe hata mara moja. Somo la namna hiyo ni pungufu, hata kama watoto wamelifurahia. Mtoto anayejua uzito wa pakacha la karafuu mbichi anastahili kuambiwa nani alilibeba bila ujira.

Tahadhari nyingine ni ya kweli za mahali. Mwalimu wa Pemba atavutwa kusema kwamba magunia yale 135 yalitoka hapa. Asiseme. Wakati ule mashamba makubwa yalikuwa Unguja, ingawa mikarafuu ilikwisha kupandwa Pemba pia. Pemba ilishika nafasi ya kwanza baada ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha mingi ya kwetu imesimama. Kimbunga hicho nacho ni somo la biashara, lakini kitafutiwe siku yake.

Sultana iliingia New York tarehe 30 Aprili 1840. Ahmad alikuwa miongoni mwa wajumbe wa mwanzo kutoka nchi ya Kiarabu kufika Marekani, na watu walijaa bandarini kumtazama yeye na mabaharia wake. Baraza la mji lilimkaribisha. Merikebu, iliyokwisha kuchakaa kwa safari, ilitengenezwa katika karakana ya jeshi la wanamaji huko Brooklyn kwa gharama ya serikali ya Marekani. Seyyid alikuwa amempelekea Rais Martin Van Buren zawadi, miongoni mwao farasi wawili, lulu na upanga. Katiba ya nchi ile humkataza mtumishi wa umma kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, basi Rais hakuzichukua ziwe zake. Shauri likapelekwa Bungeni, zawadi zikawa za taifa. Watoto hulipenda sana jambo hili, na ni vema wajadiliane: zawadi katika biashara huwa heshima mpaka wapi, na huanza kuwa rushwa wapi?

Ahmad alikaa huko hadi mwezi wa Agosti. Kwa siku mia moja hivi ilimpasa auze shehena katika mji ambao bei zake hakuzizoea, kwa kupitia wakala wa mjini, kisha achague bidhaa za kurudi nazo zitakazopata wanunuzi Unguja. Alirudi na vitambaa vya pamba, shanga, bunduki, baruti na vyombo vya kaure. Kitambaa kile cha pamba ndicho watu wa pwani walichokiita merikani, na jina hilo lingali katika Kiswahili. Bunduki na baruti zisifichwe: nazo zilikuwa bidhaa zenye soko, na sehemu yake ziliingia bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa.

Ahmad aliendelea na utumishi wake. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Biashara na Marekani haikuhamia kwenye merikebu za Zanzibar. Ilibaki kwenye meli za Wamarekani, mpaka vita vya wao kwa wao, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipopunguza pamba yao na vitambaa vya kutoka kwingine vikachukua nafasi ya merikani. Kwa nini chombo kimoja hakikutosha kuugeuza mkondo ule? Swali hili tungelipa kipindi kizima, na wanafunzi walijibu kwa makundi wakiwa na orodha ile ubaoni: umbali, mtaji, bima, wateja wa kudumu, viwanda.

Akiwa New York, Ahmad alichorwa picha na msanii Edward Mooney, na picha hiyo imehifadhiwa Marekani. Shule isiyo na nakala yake isisikitike. Mwalimu alete gao la karafuu kavu na kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, aviweke juu ya meza viwili hivyo, na hesabu ya asilimia 5 ianzie hapo.